Kabla Hamjachapa Fomu

Barua ya wazi kwa Wakurugenzi Wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania, Kenya na Uganda, kwa wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioko Entebbe, na kwa wakuu wa mashirika ya ndege yaliyo chini ya usimamizi wenu

Waheshimiwa,

Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa shirika la Germanwings alimfungia nje nahodha wake na kuibamiza ndege kwenye milima ya Alps, upande wa Ufaransa. Watu 150 walikufa. Tangu hapo wenye mamlaka ya anga duniani wamekubali hadharani jambo ambalo zamani lilinong'onwa tu: kwamba rubani naye hukosa usingizi, hulemewa na msiba, huzama katika sonona, na kwamba mara nyingi wa kwanza kuligundua hilo ni mwenzake wa kazini. Zikaenea programu za msaada rika, ambamo wafanyakazi wenyewe hufunzwa kumsikiliza mwenzao, kumtuliza, na kumwonyesha njia ya kufika kwa mtaalamu pale mambo yanapozidi uwezo wa maongezi. Umoja wa Ulaya umezifanya ziwe lazima: kanuni namba 2018/1042, iliyoanza kutumika Februari 2021, inayataka mashirika ya ndege za kibiashara yawawezeshe marubani wao kuifikia programu ya aina hiyo. Nchi zetu hazitakaa mbali na mkondo huo, wala hazipaswi. Ninachowaandikia ni sehemu moja tu ya programu hizi, ambayo maofisa wengi huiachia karani, nayo ni daftari. Nani ataandika nini, atakiweka wapi, na nani atakuwa na ruhusa ya kukifungua. Nasema programu itasimama au itaanguka hapo, na kwamba kanuni ya kwanza kuandikwa iwe ile inayotaja yasiyoruhusiwa kuandikwa.

Anzeni na riziki ya mtu. Rubani wa ndege ya abiria hali kwa leseni yake peke yake. Anakula kwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho lazima kihuishwe kila mwaka, na kwa wenye umri mkubwa kila baada ya miezi 6. Mwongoza ndege aliyeko mnarani naye ana cheti chake. Kikisimamishwa, mshahara unakatika au unapungua, mkopo wa chuo cha urubani unabaki pale pale, na ukoo mzima unaomtegemea unaanza kuuliza kulikoni. Kwa mtu wa hali hiyo, kumwambia yeyote kwamba halali usiku ni suala la pesa kabla halijawa la afya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliohoji marubani 3,765, ulikuta asilimia 56.1 wamewahi kukwepa matibabu au kuficha jambo la kiafya kwa kuhofia cheti hicho. Miaka 6 kabla yake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya dodoso lililojazwa bila majina na marubani wa nchi mbalimbali: kati ya waliojibu maswali ya sonona, asilimia 12.6 walifikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa nayo, na asilimia 4.1 walisema waliwahi kuwaza kujiua ndani ya wiki 2 zilizotangulia. Ni kweli waliojibu walijitokeza wenyewe, na hesabu za namna hiyo si sensa. Lakini tazameni zilivyopatikana. Watu wa taaluma ile ile inayoweka alama ya "hapana" mstari baada ya mstari mbele ya daktari wa anga walifunguka pale walipohakikishiwa kwamba hakuna atakayejua nani kasema nini. Fomu yenye jina isingewatoa neno.

Hapo pingamizi kubwa linainuka, na ni la haki: je, si usiri huo huo ndio uliowaua wale 150? Anayejibu upesi, ama ndiyo ama hapana, hajasoma taarifa ya wachunguzi wa Ufaransa, BEA, iliyotoka Machi 2016. Rubani yule hakuwa mtu asiyeandikwa popote. Sonona yake ya awali ilijulikana kwa madaktari wa anga waliomhuishia cheti, na cheti chenyewe kilikuwa na sharti maalumu kwa sababu hiyo. Katika majuma yake ya mwisho aliwaona madaktari kadhaa. Mmoja alishauri alazwe hospitali ya magonjwa ya akili majuma mawili kabla ya ajali. Vyeti vya mapumziko ya ugonjwa viliandikwa, na vingine havikumfikia mwajiri. Karatasi zilikuwepo, tena si haba. Kilichokosekana ni kanuni iliyo wazi ya kumwambia daktari ni lini anaweza, au analazimika, kuvunja siri kwa ajili ya usalama wa umma. Kikakosekana pia cha kumfanya mgonjwa aamini kwamba akisema hatapoteza kila kitu. Wachunguzi walitaja waziwazi hofu yake ya kipato endapo angepoteza leseni. Barani kwetu msiba wa aina hiyo ulitangulia. Tarehe 29 Novemba 2013 ndege ya shirika la LAM iliyotoka Maputo kwenda Luanda ilianguka kaskazini mwa Namibia na kuua wote 33 waliokuwemo, na uchunguzi ulimwonyesha nahodha akiwa peke yake katika chumba cha marubani, akiiteremsha kwa mkono wake. Mtu anaweza kudai kwamba misiba hii inataka daftari nene zaidi. Mimi naisoma kinyume. Safu moja ya ziada kwenye jedwali la ofisi ya utumishi isingeokoa abiria hata mmoja. Kama palikuwa na cha kuwaokoa, ni maneno yaliyosemwa mapema kwa mtu asiyeogopwa.

Kwa hiyo usiri ninaoutetea una mpaka, na mpaka huo utangazwe kabla mhusika hajafungua mdomo. Msaidizi rika aanze maongezi kwa kusema wazi: nitakayoyasikia nitayaacha hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini sasa hivi, au unakusudia kwenda kazini ilhali huwezi kuifanya kazi hiyo. Ikifika huko, msaidizi asimwandikie meneja. Ampigie mtaalamu wa afya ya akili aliyeteuliwa na programu, waamue wawili, na kinachotoka nje kwenda kwa mpanga rosta kiwe sentensi moja kwamba fulani asipangwe kwa sasa. Sababu isitajwe, jina la ugonjwa lisitajwe, simulizi isitajwe. Kuna watu watataka mpaka huo uandikwe kwa maneno mapana, mathalani "wasiwasi wowote unaohusu usalama". Kataeni. Katika kazi ya ndege kila kitu kinahusu usalama. Mhudumu aliyegombana na mumewe usiku na kulala kwa saa 3 tu anahusu usalama, fundi aliyefiwa na mama anahusu usalama. Maneno mapana namna hiyo humeza ahadi nzima ya usiri, na wafanyakazi watalijua hilo siku ile ile ya kwanza. Kanuni ya Ulaya niliyoitaja, ambayo haikuandikwa na watu wapole kwa wahatarishi, inautamka ulinzi wa siri kuwa sharti la awali la programu kufanya kazi.

Na hakuna haja ya kubuni kila kitu upya. Desemba 1974 ndege ya TWA iligonga mlima karibu na Washington, watu 92 wakafa, na baadaye ikafahamika kwamba wiki 6 tu nyuma marubani wa shirika jingine waliponea chupuchupu kwenye mlima huo huo kwa kosa hilo hilo la kuielewa ramani. Taarifa ya waliopona ilibaki ndani ya shirika lao. Mamlaka ya anga ya Marekani ikaanzisha mfumo wa watu kuripoti makosa kwa hiari, lakini ikabidi ikiri kwamba marubani hawatamwamini yule yule anayeweza kuwanyang'anya leseni. Mwaka 1976 kazi ya kupokea ripoti ikakabidhiwa NASA, ambayo haina mamlaka juu ya leseni ya mtu. Itazameni fomu yenyewe. Jina, anwani na simu ya mwandishi viko kwenye kipande cha juu cha karatasi. Wachambuzi wakishamaliza, na ikibidi wakishampigia kuuliza jambo, kipande hicho hukatwa, hugongwa muhuri wa tarehe, na hurudishwa kwa mwenyewe kwa posta. Ofisi hubaki na kisa kisicho na mtu. Ripoti za ajali na za makosa ya jinai zimewekwa nje ya ulinzi huo tangu mwanzo, na kila mwandishi anaambiwa hivyo kabla hajaandika. Zaidi ya ripoti milioni moja zimepita katika mikono ile, na NASA inasema haijawahi kufichua jina la aliyeripoti. Hekima kubwa ya mfumo ule iko kwenye mkasi. Jina ambalo ofisi haina, ofisi haiwezi kulitoa, hata iamriwe, hata ihongwe, hata ipate bosi mpya mwenye fikra mpya.

Nanyi msidhani hili ni somo la ugenini. Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya daftari la majina. Februari 2015 Rais wa Kenya aliagiza maofisa wa utawala wa kaunti wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na wazazi au walezi wao, na za wajawazito na mama wanaonyonyesha. Nia ilikuwa njema: kupanga dawa na huduma. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikaamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha iliyomo katika Katiba, ikaagiza majina yaliyokwisha kukusanywa yahifadhiwe kwa namna isiyomuunganisha mtu na hali yake. Hukumu hiyo naiona nzito kuliko kifungu chochote cha sheria kwa jambo tunalolijadili, kwa kuwa mahakama haikungoja mtu adhurike. Orodha yenyewe ilikuwa dhara tosha. Na waelimishaji rika wa VVU, waliokaa na wagonjwa vijijini na mitaani tangu Kagera hadi Nyanza, walilifahamu jambo hilo bila wakili: mtu huja kwako kwa sababu huna daftari la kliniki mkononi.

Sheria za sasa nazo zinawaunga mkono kuliko zinavyowabana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ina ya kwake ya mwaka huo huo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinaweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na zote zinataka kinachokusanywa kilingane na lengo lililotajwa na kisipite hapo. Wanasheria wa mashirika watawaambia kuna mlango: ridhaa. Mfanyakazi asaini, mambo yaishe. Sikubaliani nao. Ridhaa ni ya hiari pale tu mtu anapoweza kuikataa bila kuumia, na mfanyakazi aliyekabidhiwa karatasi na ofisi inayompangia safari, likizo na kupanda cheo hana nafasi hiyo. Tena hiyo ridhaa huombwa lini? Huombwa mtu akiwa amevurugikiwa, saa ambayo hata jina lake analiandika kwa shida. Saini iliyopatikana kwa mtu aliye katika hali hiyo inaweza kumridhisha mkaguzi. Mimi hainiridhishi, na sidhani kama Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kule Dodoma au Kamishna wa Data kule Nairobi wangepaswa kuridhika nayo.

Lakini adui wa usiri katika ofisi zetu mara chache ni faili la siri lililoibwa. Ni vikaratasi. Fikirini mafunzo ya siku mbili ya wasaidizi rika katika hoteli fulani. Asubuhi inapitishwa karatasi ya mahudhurio: jina kamili, namba ya mfanyakazi, kitengo, simu, saini, kwa sababu bila hiyo mhasibu hatoi posho. Hao ni wasaidizi, si wasaidiwa, kwa hiyo hakuna neno. Mwezi unaofuata wanaitwa watu wachache waliokumbwa na tukio baya, wakae pamoja na mtaalamu, na karatasi ile ile inapita tena kwa sababu ile ile ya posho. Sasa kuna waraka, wenye saini zao wenyewe, unaowataja waliohitaji msaada, na unakwenda uhasibuni, kwa mkaguzi wa ndani, na kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko kwa watu watano. Ongezeni kundi la WhatsApp, ambamo kila mwanachama anaziona namba za wote, na mtu akitoka kundini inatangazwa kwamba katoka. Ongezeni simu ya ofisi ambayo ankara yake inaonyesha namba zilizopigwa na dakika zilizotumika. Ongezeni rosta, ambayo kila rubani anaisoma kwa macho makali kuliko anavyosoma gazeti: fulani kaondolewa safari tatu bila maelezo, na kabla ya jioni maelezo yameshapatikana mitaani. Mwisho kuna dai la bima, lenye jina la kliniki ya magonjwa ya akili juu kabisa, linalorudi kwa mwajiri kama kiambatisho cha malipo. Hakuna hata mmoja hapo aliyevunja siri kwa makusudi. Kila mtu alifanya kazi yake sawasawa. Kwa hiyo kanuni zenu ziingie uhasibuni na kwa mpanga rosta, ziamue kwamba posho za vikao hivi zilipwe kwa jumla kupitia programu, kwamba kuondolewa kwenye rosta kutumie msimbo ule ule wa likizo ya kawaida ya ugonjwa, na kwamba matibabu yalipiwe kutoka fungu ambalo mwajiri haoni mchanganuo wake. Mambo madogo haya ndiyo mimi ningeyasoma kwanza nikiletewa rasimu.

Mtaniuliza: bila takwimu, tutajuaje kama programu inafaa, na mkurugenzi wa fedha tutamwonyesha nini? Swali zuri, na nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa kitu kisichohesabika hukatwa kwanza bajeti inapobana. Jibu langu ni kwamba hesabuni programu, msiwahesabu watu. Simu ngapi ziliingia mwaka huu. Zilipokewa baada ya muda gani. Wasaidizi wangapi wamefunzwa, na wangapi wamechoka wakajiondoa. Wangapi kati ya wafanyakazi wote, kwa dodoso lisilo na jina linalotumwa kwa kila mtu mara moja kwa mwaka, wanajua programu ipo, na wangapi wangeitumia wakipatwa na jambo. Hilo la mwisho ndilo kipimo kikubwa, maana linapima imani, na imani ndiyo bidhaa mnayoilipia. Hakuna kati ya hayo kinachodai kumjua aliyepiga simu saa 8 usiku kutoka hotelini Lubumbashi. Kinachopaswa kuachwa kabisa ni ile tamaa ya kugawanya: kwa kituo, kwa aina ya ndege, kwa cheo, kwa jinsia, kwa aina ya tatizo. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kwamba msimbo wa posta, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, bila jina lolote, vinatosha kumtambulisha kwa upekee takriban asilimia 87 ya Wamarekani. Hao ni mamia ya milioni ya watu. Sisi tunazungumzia mashirika ambayo marubani wote wanajuana kwa majina ya utani. Mstari mmoja wa jedwali unaosema "Mwanza, ATR, nahodha, mwanamke, ndoa" una jina ndani yake kwa kila anayeingia chumba cha marubani. Nchi nyingine huziba visanduku vya jedwali vyenye watu chini ya 10. Kwa ukubwa wa mashirika yetu naona hata hiyo haitoshi. Afadhali jumla ya mwaka, ya shirika zima, basi.

Wapo pia watafiti, na nawaheshimu, watakaosema kwamba nchi zetu hazina utafiti wa kutosha juu ya afya ya akili ya wafanyakazi wa anga na kwamba programu hizi ni nafasi adimu. Utafiti ufanyike, lakini mlango wake uwe mwingine. Kama nilivyoonyesha, hesabu tulizonazo zilitoka kwenye madodoso yasiyo na majina, si kwenye mafaili ya msaada. Msaidizi rika akigeuzwa mkusanyaji wa data ataanza kuuliza maswali ambayo mgonjwa hayahitaji, na mwenzake ataisikia tofauti hiyo hata kama hatajua kuitaja.

Limebaki suala la nani alishike hicho kidogo kitakachoandikwa. Kawaida wanaojitokeza ni wawili: mwajiri na chama cha wafanyakazi. Sioni kama yeyote kati yao anafaa. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma. Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja huo kwa kampuni ya Adani. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema kwamba katika majuma kama yale kila orodha iliyomo ndani ya nyumba husomwa kwa jicho jipya. Taarifa iliyotolewa Machi kwa msiba inaweza kusomwa Novemba kama udhaifu wa mpinzani, na chama nacho kinaweza kushawishika kuitumia kuonyesha jinsi mwajiri anavyowaumiza watu. Ujerumani wana Stiftung Mayday, mfuko ulioanzishwa mwaka 1994 ukiwa chombo kinachojitegemea. Kwetu, ambako shirika moja moja ni dogo mno kubeba jambo hili peke yake, chombo kimoja cha kikanda kingekuwa na maana zaidi, na hapo ndipo wakala ulioko Entebbe unapoweza kufanya kazi ambayo nchi moja haiwezi: kuwachanganya watu wa mashirika mengi ndani ya kapu moja, ili rubani wa Kigoma ahudumiwe na mwenzake wa Kisumu asiyemfahamu, na hesabu za mwaka ziwe za watu wengi kiasi cha kutomfichua yeyote.

Ipo pia siku baada ya ajali, ambayo wenye kutunga kanuni hupenda kutoifikiria. Novemba 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 kupoteza maisha, nchi nzima ilitaka kujua kila kitu, na hiyo ni haki yake. Kiambatisho namba 13 cha Mkataba wa Chicago kinazilinda taarifa za kitabibu na za faragha za wahusika wa ajali zisitumike nje ya uchunguzi, lakini ulinzi huo si wa moja kwa moja. Mamlaka husika hupima kama manufaa ya kuzitoa yanazidi madhara. Upimaji huo utafanywa siku ambayo familia zinalia mlangoni na magazeti yanauliza. Msimwachie jaji peke yake mzigo huo. Hifadhi zisizokuwepo haziombwi. Muhtasari wa maongezi, kama kuna ulazima wa kuuandika ili msaidizi akumbuke kumpigia tena, uwe na msimbo badala ya jina, na uteketezwe maongezi yanapofungwa, tuseme si zaidi ya siku 30. Kinachobaki kiwe tarakimu tu.

Uteketezaji huo uwe na mwenye kuuwajibikia, kwa cheo, ndani ya kanuni zenyewe. Mashirika ya ndege katika ukanda huu huzaliwa na kufa. Shirika likifa huja mfilisi, naye huuza viti, magari na kompyuta bila kujali kilichomo ndani. Andikeni kwamba siku shirika linapositisha safari, chochote cha programu kilichosalia kwenye mitambo yake kifutwe kabla mali haijahesabiwa, na mamlaka yenu ithibitishe hivyo kwa maandishi. Rasimu ya kanuni ikiwa tayari, ipelekeni kwa marubani, wahudumu wa ndege, mafundi wa karakana, wapakia mizigo na waongoza ndege, wapeni siku 60 waitolee maoni bila kutaja majina, kisha mchapishe maoni hayo pamoja na kanuni, mkionyesha mliyoyakataa na sababu zenu.

Wasalaam.